UZI: Toronto Maple Leafs 1950/51, fainali iliyoamuliwa ndani ya dakika 21 na sekunde 41

Mwana wa Pongwe:
Wakuu, salaam kwenu nyote.

Najua jukwaa hili la michezo limejaa soka, na mimi mwenyewe nimekulia uwanja wa Mkwakwani pale Tanga. Leo naomba niwapeleke mbali kidogo, kwenye barafu.

Hapa Toronto ninapoishi, kona ya mitaa ya Carlton na Church, kuna supamaketi ya Loblaws. Huwa naingia pale kila wiki kuchukua mchele na maziwa. Ukifika njia ya 25 unakuta doa jekundu la mviringo sakafuni. Watu wanalikanyaga, troli zinapita juu yake, watoto wanaliruka. Nimelikanyaga karibu mwaka mzima kabla sijamuuliza mfanyakazi mmoja aliyekuwa anapanga makopo. Akaacha kazi yake, akanishika mkono, akanisimamisha juu ya doa. Akaniambia: hapo uliposimama ndipo katikati ya uwanja.

Jengo hilo ni Maple Leaf Gardens. Lilifunguliwa Novemba 1931, wakati dunia nzima imebanwa na mdororo wa uchumi, na lilijengwa kwa muda usiofika miezi sita. Kwa zaidi ya miaka 60 lilikuwa nyumbani kwa Toronto Maple Leafs, timu ya hoki ya barafuni. Ghorofa ya juu mpaka leo kuna uwanja wa barafu wa chuo kikuu, chini ndiyo tunanunua vitunguu.

Tangu siku ile nimeshinda maktaba nikisoma magazeti ya zamani, na msimu mmoja umeniganda kichwani: 1950/51. Wenyeji wakikusimulia msimu huo wanaanza na ndege iliyopotea. Mimi nataka kuanza na barafu, kwa sababu naona timu ile imedhulumiwa. Nitaleta kwa vipande, mnivumilie.

Kiti cha Mbele:
Nimeshakaa. Ila mkuu anza na sheria za mchezo, wengine hatujawahi kuuona hata kwenye luninga.

Mwana wa Pongwe:
Haki yako mkuu. Kwa ufupi:

Kila timu inaingiza watu sita, kipa akiwemo. Wanavaa viatu vyenye wembe wa chuma chini, wanateleza, na kila mmoja ana gongo. Hakuna mpira wa duara. Kuna kisahani cheusi cha mpira mgumu, upana inchi 3, unene inchi 1. Nitakiita kisahani. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Wachezaji wanabadilishana muda wote bila kusimamisha mchezo, maana hakuna mapafu yanayoweza kuhimili kasi ile zaidi ya dakika moja au mbili.

Mechi za mtoano zikiisha sare, mnaingia muda wa nyongeza, na anayefunga kwanza amemaliza kazi. Wale tuliokuwepo enzi za goli la dhahabu kwenye soka tunajua moyo unavyodunda.

Kumbukeni ni 1950. Hakuna kofia ngumu kichwani. Kipa hana kinyago, anasimama uso wazi mbele ya kisahani kigumu kama jiwe. Kipa wa kwanza kukivaa kinyago moja kwa moja kwenye ligi ile ni Jacques Plante wa Montreal, na hiyo ni Novemba 1959.

Ligi yenyewe, NHL, ilikuwa na timu sita tu: Toronto, Montreal, Detroit, Boston, New York na Chicago. Kila timu inacheza mechi 70, yaani unakutana na kila mpinzani mara 14 kwa msimu. Fikirieni Simba na Yanga mara 14 kuanzia Oktoba mpaka Machi. Mnajuana mpaka pumzi, na kisasi cha Jumatano kinalipwa Jumamosi.

Refa Mstaafu:
Mara 14! Hapo refa anahitaji dua ya mama.

Mwana wa Pongwe:
Sasa msimu wenyewe.

Toronto walikuwa wamebeba Kombe la Stanley, ndilo kombe la ubingwa wa NHL, 1947, 1948 na 1949. Hakuna timu iliyowahi kulibeba mara tatu mfululizo kabla yao kwenye NHL. 1950 wakatolewa na Detroit kwenye nusu fainali, mechi ya saba, muda wa nyongeza. Mfululizo ule ulikuwa mchungu: kwenye mechi ya kwanza Gordie Howe, kijana wa Detroit, aliparamiana na nahodha wa Toronto, Ted Kennedy, akagonga ubao wa pembeni na fuvu likapasuka. Madaktari wakamfanyia upasuaji usiku uleule kuokoa maisha yake. Watu wa Detroit walimlaumu Kennedy, na Kennedy alikana mpaka mwisho.

Mwenye timu alikuwa Conn Smythe, mwanajeshi wa vita vyote viwili vya dunia na mfanyabiashara wa kokoto. Baada ya kutolewa akapanga upya benchi. Hap Day, kocha wa makombe yote yale, akapandishwa kuwa msaidizi wa meneja. Timu akapewa Joe Primeau, mtu mpole ambaye enzi zake za uchezaji aliitwa Joe Muungwana. Primeau alikuwa ameshachukua kombe la vijana na kombe la ridhaa la Kanada akiwa kocha. Lilibaki hili kubwa.

Novemba wakafanya biashara na Boston: Bill Ezinicki, mtu wa vurugu aliyependwa sana na mashabiki, akaondoka pamoja na Vic Lynn. Akaja beki mgumu, Fern Flaman, na wenzake watatu. Mashabiki walilia, kwa sababu Ezinicki alikuwa mtu wao.

Golini kulikuwa na Turk Broda, kipa mkongwe wa makombe yote. Mwaka uliotangulia Smythe alikuwa amemweka benchi hadharani mpaka apunguze uzito, nchi nzima ikawa inafuatilia mizani yake gazetini. Safari hii kazi nyingi za msimu zikaenda kwa Al Rollins, kijana mrefu aliyetoka timu ya Cleveland. Rollins alicheza mechi 40, na kwa wastani aliruhusu mabao 1.77 kwa mechi.

Mbele kulikuwa na Max Bentley, mwembamba, mtoto wa shamba kutoka Saskatchewan, aliyeongoza timu kwa pointi 62, yaani mabao na pasi za mabao ukijumlisha. Kennedy 61. Tod Sloan mabao 31, Sid Smith 30. Shikeni jina la Sloan, nitalirudia.

Msimamo ulivyoisha: Detroit pointi 101, Toronto 95, Montreal 65, Boston 62. New York wakakosa nafasi ya mtoano kwa pointi moja, 61. Chicago walikuwa mkiani kabisa na 36. Na yule Howe aliyepasuka fuvu Machi 1950? Alirudi akawa mfungaji bora wa ligi, mabao 43 na pasi 43. Nilirudia kusoma ukurasa ule mara mbili.

Kuna kitu kimoja kwenye takwimu za msimu ule nakipenda mno. Tuzo ya Vezina wakati huo ilienda kwa kipa wa timu iliyoruhusu mabao machache zaidi. Baada ya mechi 70, Detroit ya Terry Sawchuk ilikuwa imeruhusu 139. Toronto 138. Bao moja! Miezi sita ya watu kujilaza mbele ya kisahani, na tofauti ni mkono mmoja uliowahi.

Dada wa Umoja:
Kaka hongera kwa hii kazi. Niko Nairobi, na sisi hatujakosa hoki. Kuna timu yetu, Ice Lions, wamekuwa wakifanya mazoezi pale hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, uwanja mdogo kabisa. 2018 walipelekwa huko kwenu Toronto, wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo hapa nyumbani. Nilipowaona wakiwa wamevaa jezi kamili kwa mara ya kwanza, nilitokwa na machozi. Endelea.

Mwana wa Pongwe:
Dada yangu, asante kwa kulileta hilo. Video ile huwa nawaonyesha watu hapa kazini.

Tuingie mtoano. Toronto na Boston, wa kwanza kushinda mechi nne anapita. Mechi ya kwanza Toronto wanalala 2-0 nyumbani, Rollins anaumia, mzee Broda anatolewa benchi. Mechi ya pili ni Jumamosi, Machi 31. Sare 1-1. Wanaingia muda wa nyongeza, dakika 20 zinaisha bila bao, na saa inakaribia sita ya usiku. Hapo mchezo ukasimamishwa, kwa sababu Toronto ya wakati huo ilikuwa na sheria za Jumapili: siku ya Bwana hakuna mechi. Matokeo yakaandikwa hivyohivyo, sare, kwenye mtoano! Watu wakachukua makoti wakaenda kulala.

Baada ya hapo Broda akafunga mlango. Toronto wakashinda nne mfululizo: 3-0, 3-1, 4-1, 6-0.

Upande wa pili Detroit wa pointi 101 wakafumuliwa na Montreal waliomaliza nyuma yao kwa pointi 36. Maurice Richard, yule waliyemwita Roketi, aliwamaliza Detroit kwao mara mbili mfululizo: mechi ya kwanza kwenye muda wa nyongeza wa nne, ya pili kwenye wa tatu. Hebu pigeni hesabu. Ndani ya mechi mbili walicheza karibu mechi nne.

Kwa hiyo fainali ikawa Toronto na Montreal. Waingereza na Wafaransa, Waprotestanti na Wakatoliki, mji na mji. Hapo ndipo penye utamu, naomba nikapumzike nirudi jioni.

Mgoma wa Montreal:
Ndugu yangu, umefika kwetu sasa. Miye natoka Goma, niko Montreal miaka mingi, na watoto wangu wanavaa jezi nyekundu. Usimpite Roketi haraka hivyo. Hapa Richard alikuwa zaidi ya mchezaji. Wafaransa wa Quebec walikuwa wengi kazini lakini mabosi wao walikuwa Waingereza. Yeye alikuwa mtoto wa fundi wa karakana ya reli, akisimama mbele ya lango macho yanawaka. Machi 1955 mkubwa wa ligi alipomfungia, mji uliwaka moto kwa usiku mzima, maduka ya mtaa wa Sainte-Catherine yalivunjwa vioo. Kwa hiyo unaposema Toronto na Montreal, ujue unasema jambo zito.

Mwana wa Pongwe:
Nakubali ndugu yangu, na ngoja nikupe haki yako mwanzoni kabisa: Richard alifunga katika kila mechi ya fainali ile. Mechi tano, zote aliziona nyavu.

Sasa sikilizeni. Mechi tano, na ZOTE zilikwenda muda wa nyongeza. Haijawahi kutokea kabla wala baada.

Ya kwanza, Toronto, Aprili 11. Sid Smith anamaliza dakika 5:51 za nyongeza, 3-2.
Ya pili, Aprili 14. Richard, dakika 2:55. Montreal 3-2.
Ya tatu, Montreal, Aprili 17. Rollins amepona, anarudi golini. Nahodha Kennedy anafunga dakika 4:47. Toronto 2-1.
Ya nne, Aprili 19. Harry Watson, dakika 5:15. Toronto 3-2.

Hakuna aliyewahi kuongoza kwa kishindo. Katika mechi zote tano Toronto walifunga 13 na Montreal 10. Ukijumlisha dakika zote za nyongeza za fainali nzima unapata dakika 21 na sekunde 41, kipindi kimoja na ushee. Ndiyo maana ya kichwa cha uzi huu.

Ya tano ni Jumamosi, Aprili 21, 1951, pale kwenye doa jekundu. Luninga haikuwa imefika Kanada, mechi zilianza kurushwa 1952. Nchi nzima ilikuwa kwenye redio. Foster Hewitt alitangaza akiwa kwenye kibanda kilichoning'inizwa juu karibu na paa, futi zaidi ya 50 kutoka kwenye barafu. Mashambani kulikokuwa na nyumba moja kila maili mbili, Jumamosi usiku sauti yake ndiyo iliyokuwa mgeni wa kila nyumba. Mimi nimelelewa na redio ya babu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, najua mtangazaji anavyoweza kukufanya uone uwanja ambao hujawahi kuukanyaga.

Richard anaanza kufunga. Sloan anasawazisha. Kipindi cha tatu Paul Meger anaipa Montreal bao la pili. Muda unayoyoma. Gerry McNeil, kipa wa Montreal, kijana mfupi, anazuia kila kitu. Dakika ya mwisho inaingia, bado ni 2-1.

Primeau anamtoa Rollins golini. Kwenye hoki unaruhusiwa kumtoa kipa ukaongeza mshambuliaji, na lango lako linabaki tupu. Kisahani kikitoka tu, umekwisha. Kinapita kwa Max Bentley, kinapita kwa Sid Smith, kinafika kwa Sloan mbele ya lango. Bao! Zimebaki sekunde 32.

Sekunde 32, wakuu. Naomba msiisahau namba hiyo.

Kiti cha Mbele:
Mkuu nimeacha chai inapoa. Leta bao.

Mwana wa Pongwe:
Sasa anaingia Bill Barilko, beki, jezi namba 5, umri miaka 24. Mtoto wa wahamiaji kutoka Timmins, mji wa migodi ya dhahabu kaskazini kabisa mwa Ontario. Aliitwa Toronto Februari 1947 kutoka timu ndogo ya California, kwa sababu mabeki walikuwa wameumia. Hakurudi tena. Hakuwa fundi wa kuteleza. Kazi yake ilikuwa kuwagonga watu kwa nyonga, kuziba njia, kulala mbele ya kisahani. Mtaani Danforth yeye na kaka yake walikuwa na duka la vifaa vya umeme, maana mshahara wa hoki wakati ule haukutosha kumlea mtu mwaka mzima.

Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi makocha: akiona kisahani kimelegea mbele, anaacha nafasi yake ya ubeki na kukikimbilia. Inasimuliwa alikuwa ameshaonywa juu ya hilo.

Dakika ya tatu ya nyongeza haijatimia. Howie Meeker na Watson wanahangaika na kisahani kuzunguka lango la Montreal. McNeil ametoka, ameyumba, anaanguka. Kisahani kinatoka kikielekea wazi. Barilko yuko mbali, kwenye mstari wa buluu. Analiacha eneo lake. Anakuja mbio mzima mzima, anakipiga huku mwili wote umeshakwenda hewani, na kabla hajagusa barafu kisahani kimeshapita juu ya mkono wa McNeil. Dakika 2 na sekunde 53.

Ipo picha, ya Nat Turofsky. Nimeitazama mara nyingi kuliko picha za arusi yangu. Barilko tunamwona mgongo, namba 5 kubwa, yuko angani kama mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti, mikono mbele. McNeil ameketi, kichwa kimegeukia nyuma kidogo. Kisahani kiko ndani. Nyuma ya kioo nyuso za watu bado hazijashangilia, maana habari ilikuwa haijawafikia machoni. Picha imenasa ule mpenyo kati ya bao na kelele.

Toronto bingwa. La nne kwa miaka mitano, na Barilko alikuwa ndani ya yote manne.

Mgoma wa Montreal:
Nimekaa kimya kidogo. Ndugu zangu, ruhusu niseme neno kwa McNeil, maana watu wanatazama picha hiyo wanamwona aliyeruka tu. Yule kipa alicheza mechi zote za mtoano zile, na alimshinda Sawchuk wa Detroit usiku wa nyongeza tatu na nne bila kuchoka. 1953 alibeba kombe, bao la Elmer Lach kwenye muda wa nyongeza. 1954 alirudishwa golini katikati ya fainali na Detroit, mechi ya saba, muda wa nyongeza tena: Tony Leswick akapiga, kisahani kikagusa mkono wa Doug Harvey, beki wake mwenyewe, kikaingia. Mtu mmoja, nyongeza tatu za kombe ndani ya miaka minne. Alikaa kwenye picha maarufu kuliko zote za nchi hii akiwa ameanguka. Miye namheshimu sana.

Mwana wa Pongwe:
Ndugu yangu, maneno yako nimeyapokea kwa mikono miwili. Nilikuwa sijamtazama McNeil namna hiyo.

Sasa ile ndege. Nitaisema kwa sababu mtu hawezi kuiacha, ila sitaipamba.

Agosti 24, 1951, siku ya Ijumaa, Barilko aliondoka na daktari wa meno wa kule kwao, Henry Hudson, kwa ndege ndogo ya kutua majini, wakaenda kuvua samaki Mto Seal, kaskazini mwa Quebec. Mama yake, Faye, hakutaka asafiri Ijumaa. Mumewe alikuwa amefariki siku ya Ijumaa. Kijana akaenda bila kuagana vizuri na mama yake. Agosti 26 walikuwa wanarudi, na hawakufika.

Jeshi la anga likapekua misitu na vinamasi kwa wiki nyingi, msako mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanyika Kanada mpaka wakati ule. Timu ikatangaza zawadi ya dola 10,000. Hakuna kitu. Kwa kuwa Timmins ni mji wa dhahabu, watu wakaanza kusema eti walikuwa wanatorosha dhahabu, wengine wakasema eti amekwenda Urusi kufundisha hoki. Mama anasikia yote hayo, yuko na chumba cha mwanawe.

Toronto hawakubeba kombe tena mwaka baada ya mwaka. Wakalibeba Aprili 1962. Juni mwaka huohuo rubani wa helikopta akaona kitu kinang'aa kati ya miti, kaskazini mwa Cochrane. Ilikuwa ndege ya Hudson, na wawili wale walikuwa bado kwenye viti vyao. Miaka karibu 11. Barilko akarudishwa Timmins akazikwa.

Refa Mstaafu:
Mwana wa Pongwe, uzi ni mzuri na nimeusoma wote, lakini nina hoja. Ulisema mwanzo kwamba timu imedhulumiwa kwa sababu watu wanaanza na ndege. Mimi naona ndege ndiyo iliyowaokoa wasisahaulike. Kombe la 1947, nani analisimulia? La 1949? Bila ajali, Barilko ni beki aliyefunga bao la bahati na uzi huu haupo.

Mwana wa Pongwe:
Mzee wangu, hoja yako ni nzito na nimelala nayo jana.

Kwanza bahati. Mtu aliyeacha nafasi yake ya ubeki kwenye muda wa nyongeza wa fainali, akijua nyuma yake yuko Richard ambaye amefunga kila mechi, huyo kapima na kaamua. Angekosa, mabango yangesema kingine. Cal Gardner alikuwepo kuziba pengo lile, na huyo naye hatajwi.

Pili, ndiyo, ajali imelihifadhi jina. Lakini imelihifadhi peke yake, na wengine wamezama. Mfanyakazi aliyenisimamisha kwenye doa alinitajia Barilko. Nikamuuliza nani alisawazisha. Hakujua. Nimeuliza wengi hapa mjini, wenyeji kabisa, wenye jezi. Wanajua tarehe ya ndege, hawajui sekunde 32. Bila Sloan hakuna nyongeza, bila nyongeza hakuna picha. Bila Rollins kurudi na mguu uliokuwa umeumia, hata mechi ya tano ingekuwa hadithi nyingine.

Nimemsoma Rollins zaidi. Mwaka uliofuata aliuzwa Chicago, wale wa mkiani. Mwaka 1954 Chicago wakamaliza wa mwisho kabisa kwenye ligi, na mchezaji bora wa ligi nzima akatangazwa kuwa ni kipa wao, Rollins. Mchezaji bora kutoka timu ya mwisho! Hii peke yake ingestahili uzi.

Na Primeau, yule muungwana, ndiye wa kwanza kushinda yote matatu akiwa kocha: kombe la vijana, la ridhaa, na Stanley.

Refa Mstaafu:
Hapo kwa Rollins umenifunga. Sikujua.

Dada wa Umoja:
Kaka, swali dogo. Namba 5 bado inavaliwa?

Mwana wa Pongwe:
Hapana dada. Haivaliwi tena. Kwa miaka mingi Toronto walikuwa na namba mbili tu zilizostaafishwa kabisa: 5 ya Barilko na 6 ya Ace Bailey, aliyepasuliwa fuvu Boston 1933 asicheze tena. Mpaka 2016 ndipo wakaongeza nyingine, ya Kennedy namba 9 ikiwemo.

Kiti cha Mbele:
Na Sloan?

Mwana wa Pongwe:
Sloan hayumo, mkuu. Alicheza Toronto mpaka 1958, akawa miongoni mwa wachezaji waliojaribu kuunda chama cha kudai haki zao kwa wenye timu, akauzwa Chicago. Mwaka 1961 Chicago wakabeba kombe, naye yumo kwenye kikosi. Jina lake limechongwa kwenye kombe lile la fedha mara mbili.

Jumamosi nikipita supamaketi nitamtafuta yule mfanyakazi wa makopo nimwambie.